Neno Lijalo Baada ya Sijambo

Nyinyi mnaokaa mezani mkiwajazia watu fomu za msaada wa ulemavu, tueni kalamu kwanza. Nina maneno, na sitaki yasikizwe nusu.

Mjukuu wangu kaajiriwa kazi hiyo juzi. Akaja kuniaga, shati limepigwa pasi, akaniambia, "Bibi, kazi yenyewe nyepesi. Mtu aja, namuuliza ana ulemavu gani, anijibu, naandika." Nikamwambia, "Basi hadi adhuhuri utakuwa ushawanyima haki watu kumi." Akacheka. Mimi sikucheka, maana mimi mwenyewe nilimnyima mtu haki kwa kumtakia mema, na hilo ndilo nitakalowaambia.

Shule sikwenda. Nilikwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nikasoma juzuu zangu, na hizi herufi za Kizungu nilijifunza ukubwani, kwenye makaratasi niliyokuwa nikiyafagilia. Mtu akiniuliza nilifika kidato cha ngapi, namjibu vidato nivijuavyo ni vya mnazi, vile vinavyochongwa gogoni ili mkwezi apate pa kutia mguu. Msicheke. Kidato cha pili cha mnazi mmoja wa Likoni kilinifunza kuliko mwalimu yeyote.

Nilikuwa mfagizi wa ofisi ndogo ya serikali upande wetu wa Likoni, miaka ile vita vya Wazungu vilipokuwa vinakwisha na vijana wetu wanarudi. Ofisi yenyewe chumba kimoja cha mabati, baraza mbele, mnazi ubavuni. Aliyenifunda kazi ni Mzee Kombo, tarishi. Alikuwa mtu mkavu, hasemi neno mpaka alitafune. Siku ya kwanza alinipokonya ufagio.

"Mishi, wafagia hivyo kwenu?"

"Abee, mzee. Ndivyo."

"Basi hapa si kwenu. Nyunyiza maji kwanza, ndipo ufagie. Vumbi likiinuka latua kwenye wino, na wino ukitiwa vumbi, jina la mtu laharibika. Na karatasi ukiiona chini usiifagie. Iinue, uulize ya nani."

La maji nililishika. La karatasi nilisahau. Wiki ile ile nikafagia kikaratasi kilichokunjwa, kina madoa mekundu ya tambuu ya kutafuna, nikakitupa jaani. Kumbe ni cheti cha askari cha kuachwa jeshini. Mwenyewe alifungia tambuu yake humo kwa kuwa ndiyo karatasi ngumu aliyokuwa nayo. Nilipokwenda mbio jaani nilimkuta mbuzi wa jirani kashakula muhuri, anaendelea na sahihi. Yule bwana alingoja miezi kupata nakala. Mzee Kombo hakunigombeza. Aliniambia tu, "Karatasi haina macho, Mishi. Ina masikio. Haimwoni mtu alivyo, yasikia alichoambiwa. Na karatasi ikikosekana, mtu naye hayuko."

Sasa nieleze msaada wenyewe. Serikali ilisema askari aliyeumia vitani hata hawezi tena kazi yake, apewe pensheni ya ulemavu kila mwezi. Lakini sharti aje na cheti chake, na sharti aonekane na daktari. Daktari alikuwa Mzungu mmoja mrefu, akivuka na feri kuja kwetu mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Aingia asubuhi, adhuhuri ashavuka kurudi. Kiswahili alikuwa nacho cha salamu na cha kuamrisha. Kilichozidi hapo alifasiriwa na karani wetu, Josefu, kijana kutoka bara. Josefu hakuwa mtu mbaya, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama ushanga uliotungwa. Ila Kiswahili alikisoma darasani. Neno kwake lilikuwa ni lile lile lilivyo kwenye kitabu.

Nitawapa mfano. Kulikuwa na Omari, aliyefanya kazi karibu na mizinga mpaka masikio yakafa yote mawili. Kaja kudai. Akiulizwa neno hili, "Naam." Akiulizwa lile, "Naam." Alilelewa kuitika kwa heshima, naye haoni aibu ya kutosikia, aona aibu ya kutoitika. Karani akaandika kuwa asikia vizuri. Bahati ni Mzee Kombo alipita nyuma yake akaangusha sinia la chai la bati, kwa makusudi, wallahi kwa makusudi. Sote tuliruka, karani akamwaga wino. Omari aliendelea kutazama mbele na kusema, "Naam." Jambo lake likaisha siku ile ile, akaandikiwa kiziwi.

Lakini si kila mtu wa kuangushiwa sinia. Ndipo nije kwa Hamisi.

Hamisi alikuwa jirani yetu, mkwezi. Hakuna mwenye shamba la minazi Likoni ambaye hakumtafuta Hamisi. Akikwea kama mtu apandaye ngazi za nyumbani kwake, huku anazungumza na watu walio chini. Akachukuliwa vitani, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani, na huko akakanyaga kitu kikalipuka. Alirudi na mguu wa kulia usio na vidole hata kimoja, wayo umekatika mbele, kimebaki kisigino na kipande. Nanyi mjue, mkwezi hakwei kwa mikono. Mikono yaongoza tu. Mkwezi hushika kidato kwa vidole vya miguu.

Basi Hamisi akawa mtu wa kukaa barazani, mguu kaufunika shuka. Mkewe, Mejumaa, akalima mihogo ya watu. Watoto watatu. Ile pensheni ndiyo iliyokuwa mlango wao peke yake.

Nikasema nitamsaidia, si niko ofisini? Nikaona mimi ndimi mjuzi. Nikamwambia, "Hamisi, waenda mbele ya serikali. Usiende kama mtu atokaye shambani." Nikamwazimia viatu vya mume wangu, cha kulia tukakishindilia sufi mbele ili kisipwaye. Kanzu nikaifua mimi mwenyewe, nikaipiga pasi ya makaa. Nikamfunda, "Simama wima. Ukiamkiwa, itikia kwa adabu. Usilalamike, wakubwa hawapendi mtu wa kulalamika."

Alikuja siku ya daktari kapendeza hata foleni ikamwachia njia. Nami nilisimama mlangoni na ufagio wangu, nimejaa kama mama wa bwana harusi.

"Hamisi, hujambo?" akasema daktari.

"Sijambo, bwana mkubwa. Sijui wewe?"

"Sijambo. Mguu je?"

"Haujambo, alhamdulillahi."

"Watembea?"

"Natembea, bwana."

Akatembea kutoka mezani hadi mlangoni, na kurudi, meno kayauma, mgongo wima kama alivyofundishwa jeshini. Akapiga saluti. Cheti chake kiliandikwa kwamba jeraha la mguu limepona. Daktari akatazama cheti, akatazama foleni, akatazama saa. Josefu akaandika. Muhuri ukapigwa.

Majibu yalipokuja, Josefu aliyasoma kwa sauti: hana ulemavu wa kumzuia kazi. Hamisi akasema, "Nimesikia," akaikunja ile barua mara nne, akaenda zake.

Aliyekuja kwangu ni Mejumaa. Hakupiga hodi.

"Dada Mishi! Wewe ndiwe mpambaji? Umempamba mume wangu kama bwana harusi, nao wamemwona bwana harusi. Sasa nenda kamwambie bwana harusi akwee mnazi, watoto wale!"

"Mejumaa, nisamehe."

"Msamaha haupikiki, dada. Ungepikika ningekuja na sufuria."

Nikamwendea Mzee Kombo, nikamwambia kosa ni langu, viatu vile ndivyo vilivyoficha mguu. Akatafuna neno lake, kisha akasema, "Viatu ni nusu. Aliulizwa nini?"

"Aliulizwa hujambo."

"Akajibu?"

"Sijambo."

"Na karani kaandika?"

"Hajambo." Nikashika kinywa. "Lakini mzee, kila mtu hujibu sijambo! Hata anayekata roho hujibu sijambo!"

"Wewe wajua hayo. Karatasi haijui."

Nyinyi vijana wa siku hizi mwaamkiana mkipitana mbio, pengine hili hamlijui, basi nilieleze. Pwani kwetu mtu akikuuliza hali, huanzi na maradhi. Ni utovu wa adabu, tena ni kutomshukuru Mungu. Waanza na jema, sijambo, alhamdulillahi. Kisha wavuta pumzi, mwaulizana watoto, mwaulizana mashamba, ndipo ulete neno dogo, "ila." Ila mgongo tu. Ila mtoto halali. Huzuni yote ya mtu hukaa nyuma ya neno hilo. Na tazameni jinsi lugha ilivyo na akili: ila ni neno la kutoa kimoja katika vingi, na ila tena ni kasoro aliyonayo mtu. Anayeondoka kabla ya ila hakumwona mwenzake.

Karani wetu alifunga faili kwenye sijambo.

Mzee Kombo akaniambia jambo laweza kusikizwa tena, lakini mara moja tu. Daktari akikataa mara ya pili, faili lafungwa na halifunguliwi.

Basi nikaenda kwa Hamisi alasiri moja, tukakaa mkekani, mimi, yeye na Mejumaa. Nikasema, "Mimi ndimi daktari. Hamisi, hujambo?"

"Sijambo."

"Hamisi!"

"Sasa nijibu nini, dada?"

"Jibu huna hali."

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Mungu kanirudisha na roho yangu. Wenzangu wamezikwa huko Bama. Nisimame mbele ya mtu niseme sina hali? Hiyo ni kufuru, dada. Siisemi."

"Basi kaseme sijambo," akadakia Mejumaa, "nasi jioni tule hiyo sijambo kwa mchuzi wa alhamdulillahi."

Tukajaribu tena. Sijambo. Tena. Sijambo. Mara ya tano nami, nilipoulizwa na mpita njia hali yangu, nikaitikia sijambo huku machozi ya hasira yanilengalenga. Tukacheka sote watatu, mpaka Mejumaa akajifuta macho kwa leso. Na hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo sijaliacha tena: usimlazimishe mtu kutupa adabu yake ili apate haki yake. Mwache na adabu yake, umfikishe mbele kidogo.

Nikamwambia, "Sema sijambo yako, Hamisi. Lakini usikome hapo. Tia ila. Baada ya ila usiseme waumwa. Sema ulikuwa ukifanya nini, na sasa hufanyi nini. Huko si kulalamika, ni kuarifu."

Akafikiri. "Hilo naliweza."

Na nguo? Nikamwambia aje na shuka yake ya kukwelea na miguu mitupu. Hilo lilimuuma kuliko yote, nikaliona usoni. Akakubali.

Nilimwambia Josefu pia. Nikamwambia, "Karani, mtu wa kwetu akikujibu sijambo, usichovye kalamu. Ngoja pumzi tatu."

Akacheka. "Mfagizi wanifundisha Kiswahili?"

"Sikufundishi Kiswahili. Nakufundisha kungoja."

Hakupenda.

Siku ikafika. Foleni ikamwona Hamisi na shuka yake na miguu mitupu, wakaanza. "Hee, Hamisi! Umekuja kuomba au umekuja kulima?"

"Nimekuja kuonekana," akajibu, akapita akichechemea wazi wazi.

Mejumaa alibaki nje dirishani, vidole vimeshika ubao. Mimi nilikuwa mlangoni, nafagia pale pale palipokwisha fagiwa.

"Hujambo?" akasema daktari.

"Sijambo, bwana mkubwa."

Nilingoja ila, haikuja. Macho ya Hamisi yalikuwa yametua ukutani juu ya kichwa cha daktari, mikono imenyooka ubavuni. Mbele ya yule Mzungu alirudi kuwa askari, na askari hujibu alichoulizwa, haongezi. Nikamwona Josefu akichovya kalamu. Pumzi moja. Mbili. Mkono wake ukashuka kwenye karatasi.

Mfagizi haruhusiwi kusema chumbani mle. Nililijua hilo siku nilipopewa ufagio. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikininunulia unga. Lakini nilikuwa nimeshamfunga mtu huyu mdomo mara moja, kwa viatu na pasi.

"Ila?" nikasema.

Wote wakageuka. Kalamu ya Josefu ikasimama hewani, tone la wino likamwangukia kwenye mkono wa shati. Hamisi akanitazama mimi, kisha akamtazama daktari, usoni sasa, si ukutani.

"Ila nilikuwa mkwezi, bwana," akasema. "Sasa nazi zangu zaanguka zenyewe."

Daktari akamuuliza Josefu, mkwezi ni nini? Josefu, mtu wa bara, akakuna kichwa akasema ni mtu wa kupanda miti. Daktari akatazama nje dirishani, akauona ule mnazi wetu wa ubavuni, una vidato vyake toka juu hadi chini. Akaonyesha kwa kidole.

"Panda."

Tulitoka sote, na foleni nzima ikatufuata. Hamisi akaushika mnazi kama mtu anayemshika nduguye aliyepotezana naye. Mguu wa kushoto ukaingia kidato cha kwanza, ukashika, akajiinua. Akapeleka wa kulia kwenye kidato cha pili. Kisigino kikagusa. Hapakuwa na kitu cha kushikia. Akateleza, akashuka na maganda ya mnazi kifuani. Hakuna aliyecheka. Akapanda tena. Cha kwanza, sawa. Cha pili, akateleza, na safari hii muundi ukachubuka damu ikatoka. Akataka kupanda mara ya tatu.

"Basi," akasema daktari. "Basi, bwana."

Akapiga goti mchangani na suruali yake nyeupe, akaushika ule mguu kwa mikono miwili. Akaugeuza huku na huku. Akauliza, Josefu akafasiri, na Hamisi sasa akajibu. Ila nikivuka mtaa mmoja wavimba. Ila kovu lapasuka wakati wa mvua. Ila mke wangu ndiye alimaye. Ila baada ya ila, na Josefu akiandika wima, karatasi kaiegemeza kwenye gogo la mnazi. Dirishani Mejumaa kajifunika uso kwa leso.

Walipokwisha nilijificha nyuma ya ofisi, najifanya nakung'uta mikeka. Josefu akanifuata. Nikajua ndiyo naachishwa.

"Mama Mishi."

"Abee."

"Lile neno lako. Huandikwa na i au na e?"

"Mimi mfagizi, waniuliza mimi herufi?"

Akacheka kidogo, akaenda. Kesho yake nilipofuta vumbi mezani pake nikaona kwenye daftari kubwa kapiga mstari toka juu hadi chini, na juu ya mstari kaandika herufi tatu kubwa: ILA. Hizo ndizo herufi tatu za kwanza nilizojua kuzisoma kwa kuzitazama tu. Tangu siku hiyo kila mtu aliyekuja aliandikiwa pande mbili, alichojibu kwanza, na kilichokuja baadaye.

Hamisi akapata. Barua ilipokuja, Josefu aliisoma mara mbili kwa kuwa Mejumaa hakuisadiki mara ya kwanza. Pensheni ya kila mwezi, na tena akapimwe mguu ng'ambo ya feri afanyiwe kiatu chake maalumu, chenye mbao ndani mahali pa vidole. Mejumaa akanijia, hakupiga hodi vilevile, akaniwekea sahani ya mkate wa kumimina. "Huu wapikika," akasema, akaondoka.

Basi nyinyi mnaokaa mezani. Msimuulize mtu ana ulemavu gani, atawajibu kwa adabu na mtaandika uongo wenye heshima. Muulizeni alikuwa akiamka akifanya nini, na leo kile kitu chafanywa na nani. Akiwa na kiatu, kivuliwe, lakini mfungieni mlango kwanza, mguu wa mtu si maonyesho. Akija kavaa vizuri msimdhanie hana shida. Pengine vile viatu ni vya kuazima, na aliyemwazimia ana moyo mwema na akili fupi, kama mimi. Akikujibu njema, shukuru, kisha nyamaza. Kunyamaza nako ni kazi, tena ngumu kuliko kuandika. Pumzi tatu. Wengi hawaleti ila mpaka ya tatu.

Na si kila safari neno hilo laja, nalo msilitafute kwa nguvu. Miaka baadaye nilipita njia ya kushukia feri, nikamkuta Hamisi kakaa kwenye kigoda, kiatu chake kile kimeng'aa mafuta, anasokota kamba za usumba wa nazi. Minazi hakukwea tena maisha yake, lakini wakwezi wadogo wote walikuwa wakimwita asimame chini awaambie kwa kutazama tu ni tawi lipi la nazi lililokomaa. Mejumaa alikuwa pembeni anapanga madafu yao wenyewe.

"Hamisi, hujambo?"

"Sijambo, dada."

Nikasimama. Nikanyamaza. Pumzi moja, mbili, tatu.

Akaacha kusokota, akaniinulia macho. "Wangoja nini?"

"Nangoja ila."

Akamtazama mkewe, akatazama kamba, akatazama kiatu chake.

"Ila kwa leo imekwisha, dada," akasema. "Pita kesho."